Babu wa Mlango wa Kushoto

Siku ukuta ulipoipongeza familia ya Mwaipaja kwa kupata babu, babu wao halisi alikuwa Tukuyu akijizoeza kuvaa soksi mbili mbili.

Ilikuwa mchana, ingawa mtu wa Rungwe angeapa kwamba ni usiku. Katika mji wa Halvik jua la majira ya baridi huja kama mkaguzi wa shule: linachungulia, linakunja uso, linaondoka, na kila mtu anabaki akijiuliza kosa lake ni lipi. Mama Tuse alikuwa ameweka mezani ugali wa unga ulionunuliwa duka la dawa, maana Halvik mahindi yaliyosagwa huhesabiwa kuwa tiba ya tumbo na huuzwa pamoja na maelekezo ya kumeza. Walikuwa wanamega kwa adabu inayostahili dawa.

"Familia ya Mwaipaja," ukuta ulisema, kwa Kiswahili safi cha msomaji wa taarifa ya habari, "pokeeni pongezi za mji. Kiti chenu cha mzee kimepata mwenyewe."

Baba aliacha tonge hewani. Alikuwa fundi wa mabomba ya joto, mtu asiyeshtuka hata bomba likimpasukia usoni. "Amefika? Si kibali chake ni cha mwezi ujao?"

"Bwana Torvik, mlango wa kushoto," ukuta uliendelea. "Atahamia kwenu keshokutwa. Nyumba yake ya sasa imepewa wazazi wapya. Hongereni tena."

Taa ndogo ya ukutani ikazimika, kama mtu aliyeshusha mzigo wa mwenzake mlangoni akaenda zake.

"Torvik ndiye nani?" Baba aliuliza.

Mama Tuse alimtazama Seke. Seke, mwenye miaka sita na ugonjwa usiotibika wa kusema kweli, alimtazama dada yake. Tusekile aliutazama ugali kwa unyenyekevu ambao, laiti angekuwa nao kidato cha pili, ungemwokoa na adhabu nyingi za kufyeka majani.

"Ni babu," Seke alisema. "Babu wa hapa."

*

Ili haki itendeke, ni vizuri ijulikane kwamba Tusekile hakukusudia kumpata babu. Alikusudia kupata peremende.

Walipofika Halvik, jambo la kwanza lililowatisha halikuwa baridi. Baridi waliijua, Tukuyu si Dar es Salaam. Kilichowatisha ni ukimya wa korido. Watu walipishana kama vitabu kwenye rafu. Mama Tuse alitangaza siku ile ile kwamba mtoto wake hatampita mtu mzima bila kumsalimu, hata wakihamia mwezini, na kwamba asiyetaka akalale nje na barafu.

Hivyo asubuhi yake Tusekile akakutana na mzee mrefu aliyeinama kama taa ya barabarani, akifunga mlango wa kushoto.

"Shikamoo, babu."

Mzee aligeuka nyuma kuona anayesalimiwa. Hakukuwa na mtu. Akajigusa kifua.

Kitafsiri cha sikioni kilikuwa na kazi siku hiyo, kwa sababu Tusekile alimweleza, kwa uso aliokuwa akiutumia kumweleza mwalimu wa zamu kwa nini kengele ya uji imelia saa nzima kabla ya wakati, kwamba kwao salamu hiyo haiachwi ikining'inia. Ikishatolewa, mzee lazima ajibu "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha lazima aweke kiganja kwenye utosi wa mtoto, akunje uso kama hakimu, na mwisho amlipe mtoto kitu kitamu. Asipofanya hivyo, alisema, mvua haitanyesha.

Huko Tukuyu hakuna mzee anayeweka kiganja utosini mwa mtu. Wala mvua ya Tukuyu haijawahi kusubiri ruhusa ya yeyote. Ulikuwa uongo mtupu, uliopikwa papo kwa papo, na Tusekile aliingia kwenye lifti akijipongeza.

Kesho yake mzee alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa peremende.

"Ma-ra-ha-ba," alisema, akilichonga neno kama seremala. Akamwekea kiganja utosini. Akakunja uso.

Baada ya hapo mambo yalijiendea yenyewe. Seke akaingia kwenye biashara, akisalimu asubuhi, mchana na wakati mzee anatoa takataka. Mama Tuse, alipojua kuna jirani anayekula peke yake, akaanza kupeleka sahani iliyofunikwa. Akaona kucha za mzee, akarudi na mkasi. Mzee akamfundisha Seke kufunga kamba za viatu. Tusekile akaanza kumtania kama anavyotaniwa babu yeyote: "Babu, umezeeka mno, tutakurudisha dukani tubadilishiwe." Mzee akajibu kwamba risiti ameila. Siku hiyo alicheka hadi akalazimika kushika ukuta.

Na ukuta, alioushika, ulikuwa unaandika.

*

Baraza la Undugu lilikuwa na viti laini na harufu ya mdalasini, kama mahali pa kumwambia mtu habari mbaya. Baba alivaa suti ya harusi yake. Tusekile aliambiwa aje kwa sababu, kwa lugha ya Baraza, yeye ndiye "chanzo," neno ambalo shuleni walilitumia kwa moto wa bweni.

Ofisa wao aliitwa Bi Essling. Alikuwa na nywele nyeupe, na sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Mama, naomba unielewe," Baba alianza, na Tusekile akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote.

"Baba, usimwite mama! Ukuta unasikia!"

Bi Essling alitabasamu. "Mara moja haitoshi. Ni tendo linalorudiwa ndilo linaloandikwa. Salamu, sahani, kucha, mzaha. Kwenu vyote vimerudiwa. Ni nadra sana kuona undugu uliokomaa namna hii."

"Lakini mimi nina baba," Baba alisema. "Yuko hai. Yuko Tukuyu. Kiti kile tulikiomba kwa ajili yake. Nyumba moja, mzee mmoja, ndivyo mlivyotuambia, tukakubali. Baridi hii ikiisha atakuwa amevuka umri wa kupokelewa. Hakuna mwakani kwake."

"Najua."

"Ni baba yangu wa kunizaa!"

"Damu ni jambo la hospitali," Bi Essling alisema taratibu. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayesoma maandishi ya kaburini. "Mtoto huyu mdogo amewahi kula naye?"

Seke alizaliwa wakati Baba tayari anahangaikia kazi za mbali. Babu alimjua Seke kama picha inayocheka.

"Kila mwezi tunamtumia fedha."

"Hilo ni jambo la benki."

"Alinibeba mgongoni kilomita ngapi sijui, nina malaria, mto umejaa..."

"Naamini," alisema. "Hakuna ukuta ulioona."

Kisha akatazama dirishani, mahali ambapo jua lilikuwa limeshakagua na kuondoka. "Nitawaambia kwa nini. Babu yangu mimi alikuwa na watoto watano wa damu. Fundi wa mabomba ndiye aliyemkuta, kwa sababu mabomba yalikuwa yanalalamika. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake muda mrefu mno. Wakati ule kila jengo lilikuwa na mtu kama huyo. Kwa hiyo tuliacha kuuliza watu ni ndugu wa nani. Tukaanza kutazama nani anampelekea nani sahani."

Tusekile alikuwa amejiandaa kumchukia. Alikuwa hata amemtungia jina la utani njiani. Sasa jina lenyewe lilimkwama kooni.

"Hakuna njia?" Baba aliuliza.

"Ipo. Siku ya kuhamia, mzee atasimama mlangoni kwenu na taa ya mlango itawaka. Mkimnyamazia ninyi wote, naye akawanyamazia, asitoe tendo lolote la ubabu mpaka taa izimike, undugu utakuwa umevunjika. Kiti kitarudi wazi. Baba yako atakuja."

"Na yeye?" Tusekile alidakia. "Nyumba yake si imeshatolewa?"

"Atakwenda Jumba la Utulivu. Ni safi. Lina joto."

"Kuna watu wa kuongea nao?"

Bi Essling alipanga vitu vya mezani kwake ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. "Ni safi sana," alisema tena.

*

Walipofika nyumbani, skrini ilikuwa inaita. Babu alikuwa amekaa sebuleni kwake, nje mvua ya Tukuyu ikipiga bati, naye amevaa koti la sufu, kofia ya kuziba masikio na glovu.

"Kikongwe!" alimwita Tusekile, kama alivyomwita tangu alipozaliwa. "Umeota meno huko au bado kibogoyo?"

"Shikamoo, babu. Naona unachemka kama chungu. Vua koti."

"Marahaba. Sivui. Najizoeza. Jana nimelala na soksi, bibi yenu angekuwepo angenifukuza kitandani. Sikiliza, ng'ombe nimempa mwana wa Mwambene, kuku nimewala. Tuliobaki ni mimi na sanduku." Akainua glovu moja, akajaribu kuhesabu vidole vyake, akashindwa, akacheka. "Huyo mume mwenzangu mdogo yuko wapi? Seke!"

Seke alipita nyuma, akapunga mkono kwa adabu, kama mtu anayempungia msafiri wa treni asiyemfahamu, akaenda kucheza.

Babu aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni. "Ana haya," alisema. "Tukila naye ugali siku mbili, itaisha. Hebu niambie, kikongwe, huko kuna mzee hata mmoja wa kuzungumza naye? Maana baba yako anasema watu ni kama magogo."

Baba alikuwa amesimama pembeni, mahali ambapo skrini haikumwona. Akatikisa kichwa: usiseme.

"Yupo mmoja," Tusekile alisema.

"Safi! Mwambie nakuja. Asimalize hadithi zake zote, aniwekee."

*

Kumwambia Torvik lilikuwa jukumu la Tusekile. Baba alisema ni lake. Mama Tuse alimpa sahani aipeleke, kisha akainyang'anya, akakumbuka kwamba sahani ni tendo, akakaa chini jikoni na ile sahani mapajani.

Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Mzee alikuwa anafunga sanduku moja la kijivu. Nyumba ilikuwa imeshavuliwa kila kitu, na ukutani zilibaki alama za picha zilizoondolewa. Kwenye dirisha alikuwa amepanga peremende kwa rangi.

Tusekile hakumsalimu. Lilikuwa jambo gumu kuliko alivyodhani. Mdomo ulijifungua wenyewe, akaubana.

Mzee aliona. Akakaa juu ya sanduku.

"Ukuta umeniambia," alisema, na kitafsiri kikanong'ona sikioni mwa Tusekile nusu pumzi nyuma yake. "Kuna mwingine. Wa kwanza."

"Tulikuwa hatujui. Mimi nilikuwa..." Alitafuta neno la heshima la kusema nilikuwa nakuchezea. Hakulipata. "Ile ya kushika utosi niliitunga. Na ya peremende. Na ya mvua."

"Ya mvua nilihisi," mzee alisema. "Huku hainyeshi. Ni theluji tu."

Ilikuwa aina ya mzaha ambao siku nyingine ungemfanya amwambie ataenda kubadilishwa dukani. Tusekile alisimama tu, mikono ikimzidia urefu.

"Babu yako," Torvik aliuliza, "anacheza bao?"

"Anaiba kete. Anaficha kwenye mkono wa koti."

"Vizuri. Mtoto asikae bila mtu wa kumwibia kete." Akainuka taratibu, akashika mlango. "Siku ya kuhamia nitafunga mdomo. Usiogope. Nilifunga mdomo miaka mingi kabla yenu. Sijasahau."

*

Mpango ulipangwa kwa umakini wa mtihani wa taifa. Seke hakuambiwa kitu, kwa sababu kumwambia Seke ni sawa na kuuambia ukuta moja kwa moja. Angewekwa bafuni, kwenye beseni la mapovu, na mlango kufungwa. Mama Tuse angebaki jikoni. Baba na Tusekile wangesimama sebuleni. Hakuna ambaye angefungua kinywa.

Muda ulipofika, mlango ulifunguka wenyewe, na taa ya juu yake ikawaka njano.

Torvik alikuwa amevaa suti. Lilikuwa kosa lake pekee, kama ni kosa: suti ya buluu iliyopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Sanduku lilikuwa mguuni. Midomo ameibana mpaka imekuwa mstari.

Wakatazamana. Baba aliinamisha macho kwanza. Mtu huyu alikuwa wa umri wa baba yake, amesimama mlangoni kwake, na yeye hajamkaribisha hata kwenye kiti. Katika maisha yake yote Baba hakuwahi kutenda jambo lililomdhalilisha kiasi hicho. Jasho lilimtoka. Jikoni bomba la maji lilifunguliwa, likaachwa litiririke, ili asisikike mtu anayelia.

Taa ilianza kufifia. Njano, kisha rangi ya chai, kisha chai yenye maziwa mengi.

Ndipo mlango wa bafu ukafanya kii.

Tusekile ndiye aliyekuwa karibu na korido. Alimwona Seke akitoka, mapovu hadi kwenye nyusi, taulo kifuani kama askofu. Alimwona akimwona mzee. Aliona uso wote wa mtoto ukiwaka. Angeweza kumdaka, shuleni alikuwa kipa wa netiboli, hakuna mpira uliompita. Alihitaji kunyoosha mkono tu.

Mkono haukunyooka. Baadaye Baba angemuuliza kwa nini, na angemuuliza tena, na yeye angejichunguza kwa uaminifu mkubwa na asipate jibu. Hakusema moyoni, acha apite. Hakusema pia, mzuie. Alisimama kama mtu anayetazama kikombe kikianguka.

"Shikamoo, babu!" Seke alipiga kelele, akasimama mbele ya mzee akiinamisha utosi, kama alivyofundishwa.

Torvik alifumba macho. Midomo ilizidi kukazana. Akalimeza lile neno zima zima, herufi zake zote alizozichonga kwa taabu. Hakusema. Alikuwa ameahidi kufunga mdomo, na aliufunga kuliko mtu yeyote ambaye Tusekile amewahi kumwona.

Lakini hakuna aliyeukumbuka mkono.

Uliinuka wenyewe. Pengine hata yeye hakuuona. Uliinuka kama ulivyoinuka kila asubuhi, ukatua kwenye nywele zenye mapovu. Na uso, ukiufuata mkono kwa utii, ukajikunja kama wa hakimu.

Taa ikawaka nyeupe.

"Tendo limepokelewa," ukuta ulisema kwa furaha. "Kiti kimethibitishwa. Familia imekamilika."

Torvik alifumbua macho. Alikitazama kiganja chake pale kilipo, kisha akamtazama Tusekile, na kwa mara ya kwanza akaonekana mzee kweli. "Hapana," alisema kwa lugha yake. "Hapana, hapana. Sikusema kitu. Futa. Sikusema kitu!" Aliuambia ukuta, aliupiga kwa ngumi, ngumi isiyo na uzito. Ukuta ulisubiri amalize, kama anavyosubiriwa mtoto.

Baba alikwenda akaliokota sanduku. Hakuna aliyemtuma. Aliliingiza ndani kwa mikono miwili, akaliweka chini polepole, akabaki ameinama juu yake.

Hapo ndipo skrini ilipoanza kuita. Ilikuwa saa ya Babu. Siku hizo alipiga kila siku kuonyesha nguo mpya. Iliita, ikaita.

"Mpigaji kutoka Tukuyu," ukuta ulisema. "Hayumo tena katika orodha ya nyumba hii. Je, ni nani kwenu?"

Bomba jikoni lilinyamaza. Baba alifungua kinywa. Tusekile naye alifungua chake, yeye aliyekuwa na jibu kwa kila mwalimu wa zamu, na hewa ikaingia, ikatoka.

Seke, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, alinyoosha kiganja chenye mapovu kudai peremende yake.